Unene Ndio Unaolipa: Ganda la Kompyuta ya Gemu Linavyobadilishwa kwa Ajili ya Mrithi

Novemba 2023 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Steam Deck, kompyuta yake ya gemu ya kushika mkononi, ikiwa na kioo cha aina ya OLED. Ukiweka vipimo vyake kando ya vile vya Steam Deck ya kwanza, ile ya 2022, unaweza kudhani mtu amenakili karatasi moja mara mbili: urefu milimita 298, upana 117, unene 49. Hakuna kilichosogea. Wakati huohuo kioo kimekua kutoka inchi 7 hadi 7.4, betri imepanda kutoka Wh (saa-wati, kipimo cha nishati) 40 hadi 50, feni imekuwa kubwa zaidi, na mashine nzima imepungua uzito kutoka gramu 669 hadi 640.

Mtu mwenye haraka atasema Valve walikwepa kazi: walichukua ganda la zamani, wakabadilisha kioo, wakaongeza bei. Mimi pia niliwaza hivyo mwanzoni. Lakini kuingiza vitu vingi zaidi ndani ya kasha lenye vipimo vilevile ni kazi ngumu kuliko kuchora kasha jipya. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tuache michezo kidogo tuzungumze kuhusu chuma.

Geuza kiti cha plastiki kichwa chini. Katikati, chini ya pale unapokalia, mara nyingi utakuta kidoti chenye ncha butu, kama kitovu. Hapo ndipo plastiki iliyoyeyuka iliingilia. Sasa chukua rimoti ya televisheni, toa kifuniko cha betri ukitazame upande wa ndani. Ukikiinamisha kwenye mwanga utaona vijiduara hafifu, vidogo kuliko kifungo cha shati. Hizo ni alama za pini zilizokisukuma kitoke. Kiti na kifuniko vimezaliwa kwa njia moja na ganda la kompyuta ya gemu: plastiki inayeyushwa (aina ya ABS huhitaji joto la kati ya nyuzi 220 na 260), inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inapozwa, kalibu inafunguka, pini zinaitoa. Muda si mrefu, kipande kingine.

Plastiki yenyewe ni rahisi. Kinachogharimu ni kalibu. Huchongwa kwenye bonge la chuma kwa mashine, kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita, na ganda moja huhitaji kalibu kadhaa: ya mbele, ya nyuma, ya vitufe, ya vifuniko. Halafu kuna sheria moja ya kalibu ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya maamuzi yote yanayofuata. Kutoa chuma ni rahisi, kurudisha ni taabu. Kama tundu kwenye ganda limetoka dogo au kubwa kuliko ilivyotakiwa, unaangalia kwanza ni upande gani chuma kinatakiwa kupungua. Kama ni kupunguza, fundi anakwangua tena kidogo, kazi imeisha. Kama ni kuongeza, itabidi kulehemu na kuchonga upya, au bonge zima litupwe. Ndiyo maana wachoraji wenye uzoefu huacha chuma cha ziada mahali ambapo hawana uhakika napo, ili marekebisho yaje kwa kukwangua tu.

Plastiki nayo ina tabia zake. Ikipoa inasinyaa. ABS husinyaa kati ya asilimia 0.4 na 0.7, na kwenye ganda la milimita 298 hiyo inaweza kuwa milimita moja na nusu, kwa hiyo kalibu yenyewe lazima ichongwe kubwa kuliko kitu unachokitaka. Kuta zilizosimama wima kabisa hung'ang'ania ndani ya chuma, hivyo huinamishwa nyuzi moja au mbili zitoke bila kukwaruzika. Na ukuta mnene hupoa taratibu kuliko mwembamba, basi ukiweka ubavu mnene nyuma ya ukuta ili kuuimarisha, upande wa mbele hunywea na kuacha kidimbwi ambacho mteja atakiona akiinamisha mashine yake kwenye mwanga. Dawa ni kuufanya ubavu uwe na unene wa karibu nusu ya ukuta unaoushika. Kila ganda unalolishika limejaa maridhiano ya namna hii.

Kwa hiyo msanifu anapoambiwa "tunatengeneza mrithi", hajapewa karatasi nyeupe. Amepewa ganda ambalo lina viganja vilivyokwisha kulizoea, mabegi yaliyokwisha kushonwa, na orodha ndefu ya mambo yaliyovunjika.

Tuanze na viganja. Kompyuta ya gemu ya mkononi haifanani na simu, ambayo unaishika kwa mkono mmoja ukagusa kwa mwingine. Hii unaibana kwa mikono miwili saa nzima, na vidole gumba ndivyo vinavyofanya kazi yote. Umbali kutoka kingo za pembeni hadi vijiti vya analogi, vile vifupi vinavyosukumwa kwa gumba, na kutoka vijiti hadi vitufe, umepimwa kwa mifupa ya binadamu, ambayo haibadiliki kila baada ya miaka miwili. Ukiongeza urefu, vitu vinakwenda mbali na gumba au uzito unakwenda mbali na kiganja, na milimita tano tu za kumwelemea mtu kwenye kifundo cha mkono anazisikia baada ya nusu saa.

Ukitazama warithi kwa jicho hilo, unaona kadhaa wanafanya kitu kimoja. ASUS, kampuni nyingine, walitoa ROG Ally, mashine ya aina hiyohiyo, mwaka 2023, ikiwa na urefu wa milimita 280 na upana wa 111. Mwaka uliofuata wakatoa ROG Ally X. Urefu ni 280 na upana ni 111. Betri, lakini, ilipanda kutoka Wh 40 hadi 80, yaani mara mbili kamili. Imewekwa wapi? Kwenye unene: mahali panene zaidi palitoka milimita 32.4 hadi 36.9. Uzito ukapanda gramu 70, kutoka 608 hadi 678. Milimita nne na nusu kwa betri maradufu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote zilizofanywa kwenye mashine hizi. Unene una upendeleo wa ajabu: kiganja hakiuchukii. Mshiko mnene kidogo hujaza mkono, kama mpini wa jembe uliozoeleka, tofauti na ubapa unaokulazimisha kukunja vidole hadi vikufe ganzi.

Urefu na upana, basi, ni mali ya mikono, na mtengenezaji hawezi kuvigusa bila ruhusa yake. Unene ndio pochi anayoweza kutoa pesa humo.

Sasa rudi kwa Steam Deck. Hao hawakugusa hata unene. Nani alilipa? Alilipa kioo. Kioo cha kawaida cha LCD kina taa nyuma yake, na taa ile ni tabaka zima lenye unene wake. OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inajiwashia. Ukiondoa tabaka hilo ndani ya ganda lenye kina kilekile unapata nafasi ambayo jana haikuwepo, na nafasi hiyo ikagawanywa kwa betri na kwa mfumo wa kupoza. Prosesa nayo ilihamishwa kutoka teknolojia ya nanomita 7 hadi 6, ikawa na njaa ndogo kidogo ya umeme. Kuhusu inchi 0.4 za kioo zilizoongezeka, zilichukuliwa kwenye fremu nyeusi inayokizunguka. Ndiyo maana plastiki ya kulinda kioo ya mashine ya zamani haikai vizuri kwenye mpya, ijapokuwa mashine zenyewe zinalingana.

Kubaki na vipimo vilevile kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mwezi Februari 2022, kabla Steam Deck ya kwanza haijaanza kuwafikia wateja, Valve waliweka hadharani michoro ya kompyuta ya ganda la nje, chini ya leseni inayomruhusu mtu kuitumia bila kufanya biashara. Watu wakachapa kwa mashine za 3D vishikizo, stendi, vifuniko na vitu vingine ambavyo hakuna kampuni ingepoteza muda kuvitengeneza. Ganda likishazungukwa na mji wa namna hiyo, kulibadilisha umbo ni kuubomolea mji.

Kuna jambo moja ambalo mikono haina kauli, nalo ni joto. Ndani ya mashine hizi prosesa ni jiko dogo la moto. Ile ya Steam Deck hutumia hadi wati 15, ambazo zote mwishowe ni joto linalotakiwa kutoka. Hewa inaingia mgongoni na kutokea ukingo wa juu, na ganda ndilo bomba la moshi wake. Tundu za kuingiza hewa zikikaa pale viganja vinapofunika, umeiziba pumzi. Zikiwa kubwa mno, ukuta unalegea na vumbi linaingia. Zikiwa nyembamba mno, feni inapiga kelele kama nzi chupani.

Jirani wa bomba la moshi huungua. ROG Ally ya 2023 ilikuwa na tundu la kadi ya SD kwenye ukingo wa juu, karibu na pale hewa ya moto inapotokea, na ASUS wenyewe walikiri mwaka huohuo kwamba katika hali fulani ya joto kisoma kadi kinaweza kushindwa kufanya kazi. Kwenye Ally X tundu hilo lilisogezwa. Kwa mtumiaji ni sentimita chache tu, hata haoni. Kwa mchoraji ni bodi kuu iliyopangwa upya, kalibu yenye tundu mahali pengine, na mbavu za ndani zilizohamishwa ili tundu jipya lisidhoofishe kona.

Mfano huo unanileta kwenye orodha ya yaliyovunjika, ambayo mimi naiona ndiyo mwalimu mkuu wa ganda jipya. Chukua skrubu. Kwenye Steam Deck ya kwanza, kifuniko cha nyuma kilishikwa kwa skrubu nane zilizoingia moja kwa moja kwenye plastiki. Fundi yeyote wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anaijua hali hiyo. Skrubu ya namna hiyo hujikatia njia yake yenyewe inapofungwa mara ya kwanza. Ukiifungua na kuifunga tena kwa pupa, inakata njia mpya juu ya ile ya zamani, plastiki inakuwa unga, na baada ya mara ya tatu au ya nne skrubu inazunguka tu bila kushika. Wenye subira wana mbinu. Unaiweka skrubu tundu lake, unaizungusha kwanza kinyume, kama unafungua, taratibu, huku kidole kikisikiliza. Mahali fulani inadondoka kidogo, "tik", ikiingia kwenye mfereji wake wa kwanza. Hapo ndipo unaanza kukaza. Nimewahi kuharibu kifuniko cha laptopu ya mtu kabla sijafundishwa hilo, na mpaka leo kona moja ya laptopu ile inashikwa na gundi.

Kwenye toleo la OLED skrubu za nyuma zinashika kwenye chuma badala ya plastiki. Vichwa vyake vimebadilishwa kutoka msalaba wa kawaida hadi Torx, kile kichwa cha nyota chenye pembe sita, ambacho bisibisi haikipandi na kukila kirahisi. Aina za skrubu zikapunguzwa, ili usije ukaweka ndefu kwenye tundu la fupi na kutoboa kitu upande wa pili. Kioo sasa kinaweza kubadilishwa bila kufungua kifuniko cha nyuma. Na kile kitufe cha begani, ambacho mashine ikiangukia kona ndicho cha kwanza kupokea pigo, kilifanyiwa marekebisho kivumilie kuanguka, na swichi yake ikahamishiwa kwenye bodi ndogo ya kijiti cha analogi ambayo inabadilishwa peke yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye picha ya tangazo. Ganda kwa nje ni lilelile, lakini ndani limechorwa na mtu aliyekaa kwenye meza ya matengenezo.

Mpaka hapa tumezungumzia mashine zilizo bapa, kipande kimoja. Ongeza bawaba, na kila kitu kinakuwa kigumu maradufu.

Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ndogo sana. Pandora ilikuwa kompyuta ya mfukoni iliyobuniwa na kundi dogo la wapenzi wa GP2X, mashine ya gemu ya Korea Kusini ya mwaka 2005. Oda zilifunguliwa Septemba 2008, na mashine za kwanza zikaanza kutumwa Mei 2010. Ilifunguka kama pochi: juu kioo cha inchi 4.3, chini kibodi kamili, vitufe vya gemu na vijiti viwili bapa vya analogi. Ndani kulikuwa na prosesa ya megahezi 600 na kumbukumbu ya megabaiti 256, ikiendesha Linux. Vipimo: milimita 140 kwa 83 kwa 27.

Kwenye mashine ya kufunga na kufungua, kifuniko ni wenzo. Ukisukuma ukingo wake kwa kidole kimoja, ile plastiki iliyo milimita chache kutoka kwenye pini ya bawaba inapokea nguvu hiyo ikiwa imezidishwa mara nyingi. Na plastiki hiyo ina tundu katikati, la kupitishia pini. Plastiki ya moto ikikuta kizingiti ndani ya kalibu hugawanyika, hupita pande mbili, kisha hukutana upande wa pili ikiwa imepoa kidogo. Pale inapokutana hubaki mshono, mara nyingine unaonekana kama unywele, na mshono huo ni dhaifu kuliko plastiki inayouzunguka. Kwa maneno mengine, pahala panapopata nguvu kubwa zaidi ndipo panapokuwa na ufa uliozaliwa nao. Nyufa karibu na bawaba zilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wenye Pandora. Tatizo la pili lilipita mlemle: ule waya bapa, mafundi simu huuita fleksi, unaopeleka picha kwenye kioo kupitia bawabani. Ukifungua mashine mara kumi kwa siku, waya huo unakunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 3,600 kwa mwaka, na baadhi zilikatika.

Mrithi wake ni Pyra, kazi iliyoongozwa na Michael Mrozek, mmoja wa waanzilishi wa Pandora, kutoka Ingolstadt, Ujerumani. Oda zilifunguliwa Mei 2016, na mashine zikaanza kuwafikia watu mwishoni mwa 2020. Ukipima ganda lake unapata milimita 139 kwa 87 kwa 32. Angalia tena: urefu umepungua milimita moja. Kioo kimekua hadi inchi 5 na betri imepanda kutoka mAh (kipimo cha chaji) 4200 hadi 6000, lakini urefu haukuongezwa, kwa sababu kibodi ile inachapwa kwa vidole gumba, na gumba mbili lazima zikutane katikati bila mikono kuachia mashine. Upana uliongezwa milimita nne. Unene, kama kawaida, ndio uliolipa: milimita tano. Ukizidisha pande zote, ganda jipya lina ujazo wa takriban asilimia 23 zaidi ya la zamani, na betri peke yake imeongezeka karibu nusu.

Lakini betri haikula zote. Pandora ilikuwa na vitufe viwili vya begani, Pyra ina vinne, navyo hukaa ukingo wa nyuma, uleule unaogombewa na bawaba pamoja na tundu za USB. Kisha kuna uamuzi mmoja ambao mhasibu yeyote angeupiga chini. Bodi ya prosesa kwenye Pyra haijaunganishwa moja kwa moja na bodi kuu. Ni bodi ndogo peke yake, inachomekwa juu ya ile kubwa. Ubao juu ya ubao, na kiunganishi katikati, ni urefu wa kwenda juu usioweza kukwepa. Nia ilikuwa siku prosesa ikichakaa, mtu abadilishe bodi hiyo tu, na ganda, kibodi na kioo vibaki. Valve na ASUS, wenye maelfu ya wateja wanaongoja toleo lijalo, hawana sababu ya kubeba unene wa namna hiyo. Kampuni ndogo inayojua kuwa kalibu zake inaweza isiweze kuzilipia mara ya pili inayo.

Je, ilistahili? Mashine ya milimita 27 inaingia mfuko wa jinzi kwa kubanwa. Ya milimita 32 ni ya mfuko wa jaketi. Kwa mtu wa Ingolstadt mwezi Januari hilo si neno. Mimi ninayeishi kwenye joto la pwani, ambako jaketi ni vazi la abiria wa basi la usiku tu, ningeibeba begani na ningenung'unika kidogo.

Na kama siku moja utauziwa Pandora iliyotumika, usianze kwa kuiwasha. Ifungue polepole huku umeshika kifuniko katikati, siyo kona moja. Washa tochi ya simu, imulike pembeni mwa bawaba zote mbili, upande wa ndani, na utafute mstari mwembamba kama unywele. Kisha iwashe, kifuniko ukisogeze mbele na nyuma kidogo kidogo, ukitazama kama picha inakatika.